Dresa alinifunga taya wiki sita, Bibi akanifungua siku ya kumi

Wakuu, marahaba.

Naitikia kabla hamjaniamkia kwa sababu nimewazidi umri karibu wote humu ndani, na wale walionizidi hawajui kushika simu janja. Nakaribia miaka themanini. Nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo herufi zikiruka msinirukie na mimi.

Ninayoandika yamenipata mwenyewe. Kovu ninalo hapa chini ya kidevu, nikiinua kichwa linaonekana.

Kilichonileta ni uzi wa juzi. Kijana mmoja kaandika kwamba bibi zetu waliharibu watoto kwa ubishi, kwamba wangefuata tu maagizo ya wataalamu watu wengi wangepona. Nikasoma comments zote. Watu wanacheka, mmoja kaweka na picha ya kikongwe kaziba masikio.

Nikasema haya. Leo mtanisoma mimi.

Mimi ni wa Ngujini, Ugweno, huko juu Upare Kaskazini. Enzi hizo Mwingereza bado yupo na mambo yote ya serikali yako boma la Same. Ukiugua ugonjwa wa maana, unateremshwa.

Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa na mtoto mchanga, basi mimi nilikuwa wa Bibi mzaa baba. Nalala kwake, nakula kwake, nachapwa naye.

Sasa kwetu kulikuwa na ndiva. Kwa msioijua, ni bwawa la kuzuia maji ya kijito, ukuta wake wa mawe na udongo. Maji yanajaa usiku, asubuhi mwenye zamu anazibua, yanashuka kwenye mifereji kwenda mashambani. Watoto tulikatazwa kabisa kutembea juu ya ule ukuta.

Nilitembea juu ya ule ukuta.

Hakuna aliyenituma. Kuna msichana mwenzangu alisema siwezi, nikaweza hatua kama saba hivi, ya nane nikaenda chini. Kidevu ndicho kilichotangulia kwenye jiwe.

Damu haikunitisha. Kilichonitisha ni kwamba nilipojaribu kuuma meno, hayakukutana. Ya chini yalikuwa yamehama upande. Na mbele ya sikio la kulia kulikuwa na maumivu ambayo mpaka leo sijayapatia jina, na nimezaa watoto watano.

Baba akanibeba. Tukateremka mlima kwa miguu, chini tukapata lori la kahawa, jioni tukawa Same.

Dispensari tulimkuta dresa. Siku hizo dresa ndiye daktari wako, na aliitwa bwana dresa. Sina ugomvi naye, alinisafisha kidonda vizuri na mikono yake ilikuwa mepesi. Akabonyeza mbele ya sikio, nikapiga kelele, akasema taya limevunjika pale juu kwenye kiungo.

Akanifunga kitambaa kirefu kutoka chini ya kidevu mpaka utosini, mizunguko mingi. Akamwambia Baba:

"Wiki sita. Asifungue mdomo, asitafune, asiongee. Uji mwepesi tu kwa mrija."

Baba akaandika kwenye kijitabu chake. Hapa mumwelewe Baba yangu. Alikuwa mzee wa kanisa, mmoja wa wachache pale kijijini waliojua kusoma vizuri. Kitu kikishaandikwa, kwake kimekwisha. Hata siku za kupandikiza migomba alikuwa anaziandika.

Tukarudi Ngujini. Nikawa mtoto wa kunyonya uji kwa bua.

Sasa niwatambulishe mtu mmoja, maana bila yeye hamtaelewa kitu.

Baba Mkubwa Eliamani. Kaka yake Baba, mtoto wa kwanza wa Bibi. Mtu mrefu, mabega mapana, hodari wa kujenga kuta za mawe kuliko wote. Lakini uso wake ulikuwa kama wa watu wawili. Kuanzia puani kwenda juu mwanaume mzima, kuanzia puani kwenda chini mtoto. Kidevu hakikuota. Kilirudi nyuma kikapotelea shingoni.

Na mdomo wake haukufunguka. Namaanisha haukufunguka kabisa, meno ya juu na ya chini yalikuwa yamebanana maisha yake yote. Walimng'oa meno mawili ya mbele ili apate tundu la kupitishia uji. Alikuwa anaongea kwa kupitia pale pale kwenye tundu, maneno machache, ukimzoea unamwelewa.

Hakuoa. Alikula peke yake nyuma ya nyumba, kwa sababu kunyonya kuna sauti na watoto walikuwa wanacheka. Na mimi niliwahi kucheka. Nalisema hapa kwa aibu.

Sisi watoto tuliambiwa amezaliwa hivyo.

Basi siku ya kumi ya kufungwa kwangu, Baba kaenda kwenye kahawa, Bibi akaniita chini ya dari la jikoni. Akafungua kile kitambaa mzunguko mmoja mmoja, anakikunja gotini.

Nikamwonyesha kwa mikono kwamba Baba ataniua.

"Baba yako nimemzaa mimi," akasema. "Fungua mdomo."

Nikafungua. Ulifunguka kiasi cha kupitisha ukucha. Yaani siku kumi tu, wakuu, na mdomo ulikuwa umeshaanza kuwa mgeni kwangu.

Bibi akaosha kidole chake kidogo, akakiweka katikati ya meno yangu kwa upande. Hakikuingia chote. Akaniambia kesho kitaingia, na hatutafunga shauri mpaka viingie vidole vitatu vyangu mwenyewe, vimesimama kimoja juu ya kingine.

Kisha akanipa kipande cha ndizi iliyoiva, laini, akaniambia nitafune. Kwanza kulia. Halafu kushoto. Halafu kulia tena.

Niliumia nikalia. Akanifuta machozi na ndizi akaniongezea.

"Unaukumbuka mfereji wa shamba la juu, mwaka ule tulioacha kupitisha maji?" akaniuliza. "Tulirudi tukakuta nini?"

Nikakumbuka. Tulikuta nyasi na udongo mgumu, wanaume walichimba siku mbili kuurudisha.

Hilo ndilo somo la tiba nililopewa. Jioni kabla Baba hajarudi, Bibi akanifunga tena vile vile, mizunguko ile ile, na fundo upande ule ule alioufunga dresa.

Tukaenda hivyo kila siku. Ndizi iliyoiva ikawa ndizi ya kupikwa. Kidole kidogo kikaingia chote. Kikafuata cha shahada. Wiki ya tatu nikawa natafuna viazi. Bibi alikuwa anakaa mbele yangu anaangalia kidevu kama kinashuka wima au kinakwepa upande, kikikwepa anakisukuma kwa kidole gumba, ananiambia anza upya.

Hapa nipumzike kidogo niwaambie jambo, maana najua kuna wataalamu humu.

Nilikuja kuwa muuguzi. Nimefanya kazi miaka mingi kitengo cha meno na taya. Kwa hiyo nilichofanyiwa na Bibi jikoni nilikuja kukielewa baadaye kabisa, nikiwa na sare nyeupe.

Shika sehemu iliyo mbele ya sikio lako, fungua na kufunga mdomo. Unasikia kitu kinacheza? Hicho ni kiungo cha taya. Juu ya kichwa cha ule mfupa kuna gegedu, kitu kigumu kidogo lakini laini kuliko mfupa, kama kile mnachokiguguna mwisho wa mfupa wa kuku.

Kwa mtoto, gegedu lile lina kazi mbili. Moja ni kufanya mifupa isisagane. Ya pili, ndipo mfupa mpya unapotengenezwa. Taya linarefuka kuanzia pale. Na linarefuka vizuri pale linapofanyishwa kazi, linaposukumwa na kuvutwa na kutafuna. Mtoto wa vyakula vya kupondwa tu mwaka hadi mwaka, gegedu lake halipati msukumo unaolitosha.

Jingine. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Linaishi kwa ute ulioko ndani ya kiungo, na ute ule unalifikia vizuri pale kiungo kinapotembea. Kiungo kikilala, gegedu linalala na njaa.

Sasa chukua mtoto aliyevunjika pale pale kwenye kiungo. Ndani kumejaa damu. Ukimfunga siku chache maumivu yapungue, sawa. Ukimfunga wiki baada ya wiki bila kumfungua, ile damu inaweza kugeuka mfupa, taya likashikana na fuvu. Mdomo umekwisha. Na kwa kuwa ndipo kidevu kinapokulia, kidevu nacho kimekwisha.

Mmeshamwona Baba Mkubwa?

Turudi Ngujini.

Tulikamatwa kwa sababu ya muwa. Bibi alikuwa amenipandisha daraja, nikapewa kipande cha muwa uliomenywa, nikatafuna kwa furaha nikasahau kuficha makapi. Baba karudi mapema. Kanikuta nimekaa na kitambaa shingoni, makapi ya muwa yamejaa mapajani.

Hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Aliingia ndani akatoka na kile kijitabu, akakishika mbele ya uso wa Bibi ambaye hajui kusoma.

"Wiki sita, Mama. Imeandikwa hapa. Leo ni wiki ya ngapi?"

Bibi akaanza kuniokotea makapi mapajani.

Baba akanifunga mwenyewe, akakaza mpaka masikio yakavuma. Akapiga mafundo matatu, moja juu ya jingine. Akasema kesho kutwa ananipeleka Same kwa shangazi, nikae huko na kitambaa changu hadi zitimie, tena hata zikitimia ataongeza wiki mbili kufidia zile zilizochezewa.

Nilikuwa mdogo lakini hesabu hiyo niliielewa. Shangazi alikuwa mtu wa kutii kuliko Baba. Huko hakuna ambaye angenifungua.

Sasa kesho yake ilikuwa siku ya makande mapya.

Hii ni desturi ya nyumba yetu, sijui kama wengine Ugweno walikuwa nayo. Mahindi ya msimu yakikauka, yanapikwa makande ya kwanza na maharage mapya. Ukoo unakusanyika uani. Bibi kama mkubwa anachota konzi moja moja, anamwekea kila mtu mkononi, kuanzia kichanga aliyeota meno hadi mzee. Unatafuna konzi yako umesimama, na hakuna anayekunywa maji mpaka wote wamalize.

Makande yale hayalainishwi sana. Yanatakiwa yajibu kwenye meno.

Baba Mkubwa Eliamani naye alikuwa anapewa konzi yake kila mwaka. Anaipokea kwa mikono miwili, anashukuru, halafu anampa mtoto aliye karibu. Tulikuwa tunagombania kusimama karibu naye. Hatukuwahi kujiuliza inakuwaje moyoni mwake.

Bibi akagawa. Akafika kwangu. Nilikuwa nimefungwa kama maiti kwenye sanda, naona kwa macho tu. Akasimama mbele yangu na konzi yake.

"Huyo hapewi," Baba akasema.

"Nyosha mkono, mjukuu wangu."

"Mama, mbele ya watu wote hawa unataka kunivunjia heshima? Dresa amesoma. Wewe umesoma wapi?"

Hapo niwaambie Bibi yangu alikuwa nani. Wakati wa mgogoro wa kodi ya mbiru, wanawake wa milimani walipoacha majembe wakaenda kumkabili mkubwa wa serikali uso kwa uso, yeye alikuwemo. Mzungu hakumtisha. Lakini siku ile, kabla ya kumjibu mwanawe, aligeuka kwanza akamtazama Baba Mkubwa.

"Nimesoma kwa kaka yako," akasema.

Akawageukia watu wote uani.

"Mmeambiwa amezaliwa hivyo. Mimi ndiye niliyewaambia. Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa na miaka sita akaanguka kutoka juu ya mwamba, akavunjika hapa hapa alipovunjika huyu. Nikaambiwa funga, usifungue. Nikafunga. Alikuwa ananionyesha kwa mikono nimfungue, analia, nikamchapa. Nilitii miezi miwili. Siku niliyofungua, mdomo haukuwepo tena."

Akamtazama Baba.

"Mikono hii hii. Sirudii."

Wakuu, sijui kama mmewahi kuona mtu mzima akikosa pa kuweka macho. Baba alitazama kijitabu, akatazama chini. Lakini alikuwa mbishi, na ubishi huo ndio nilioukuta kwenye damu, siwezi kumlaumu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba imeandikwa.

Na mimi nikaona yamekwisha. Nitapelekwa Same.

Ndipo Baba Mkubwa akatoka alikokuwa amesimama, pembeni ya ghala. Alikuwa ameshapokea konzi yake. Akaimimina kwenye mkono wa kushoto, wa kulia akaupeleka kichwani kwangu, akaanza kufungua fundo.

La kwanza. La pili. Vidole vyake vilikuwa vya mjenzi, vinene, la tatu likamshinda. Akainama akalinasa kwenye pengo la yale meno yake yaliyobanana, akavuta, likakatika.

Hakuna aliyemzuia. Baba alipiga hatua moja akasimama.

Kitambaa kikaanguka. Baba Mkubwa akainua mdomo wake wa juu kwa kidole, akamwonyesha mdogo wake lile tundu la uji. Alimwonyesha kwa muda mrefu. Halafu akaniwekea konzi yake mkononi, akasema kwa kupitia pale pale:

"Mwache atafune."

Nikatafuna. Kulia, kushoto, kulia. Uani pote ilisikika sauti ya meno ya mtoto mmoja tu. Maharage yalikuwa magumu na kiungo kiliniuma vibaya sana, na ningekufa kabla sijatema hata punje moja.

Nilipomeza, Bibi akasema, "Nyweni maji."

Safari ya Same haikutajwa tena. Kijitabu sikukiona mkononi mwa Baba kwa siku nyingi.

Wiki sita zilipotimia Baba akanirudishia kitambaa, akanipeleka kwa dresa kama ilivyopangwa. Bibi naye alikuja, alisema anataka kuona. Dresa akanivua kitambaa, akanifungua mdomo, akaingiza vidole vyangu vitatu vimesimama, akaangalia kidevu kinashuka wima. Akafurahi sana. Akamgeukia Baba:

"Unaona faida ya kufuata maagizo?"

Baba akakohoa. "Ndiyo, bwana dresa."

Bibi alikuwa anatafuna muwa.

Kwa hiyo mnaosema bibi zetu wangetii wangeokoa wengi, mjue hivi. Kwenye kitabu cha dispensari ile, mimi ni mgonjwa aliyepona kwa kutii. Nimekaa na uongo huo maisha yangu yote, nimeajiriwa nao, nimestaafu nao, na leo naukataa hadharani. Taya langu liliokolewa na mwanamke asiyejua kusoma na mwanaume asiyeweza kutafuna. Waliokoa kwa kuwa walikuwa wameshalipia mara moja.

Sasa msinielewe vibaya mkaenda kufungua bandeji za watoto wa watu. Leo kuna eksirei, kuna wataalamu, kuna mivunjiko mingine ambayo ukiigusa unaharibu. Nenda hospitali. Lakini ukiwa pale, usiondoke na karatasi tu kama Baba yangu. Uliza: anafunguliwa lini? Ataanza mazoezi lini, na vidole vingapi? Asiyetaka kukujibu, uliza tena. Una haki.

Na watoto wazima wasio na tatizo, wapeni vya kutafuna. Muwa, mahindi, makande. Mnawasagia kila kitu kwenye blenda mpaka wanaingia shule hawajawahi kukutana na chakula kinachobisha. Pande zote mbili za mdomo, tafadhali. Ila nanyi watu wazima mnaosaga meno usingizini, na mnaotafuna bigijii kutwa upande mmoja, mnalichosha hilo hilo gegedu. Kazi ya kiasi linaipenda, mateso halitaki.

Baba Mkubwa aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila siku ya makande mapya nilikuwa napanda Ngujini kutoka popote nilipo. Akipokea konzi yake hakuwa anatafuta tena mtoto aliye karibu. Alinitafuta mimi, hata nilipokuwa na wajukuu. Ananiwekea mkononi, anakaa kwenye jiwe, ananiambia:

"Tafuna kwa sauti."

Mwaka aliofariki tulimzika wiki moja kabla ya makande. Bibi alikuwa ameshatangulia, mgawaji mkubwa nikawa mimi. Nilichota konzi ya kila mtu, na yake nikaichota. Nikaitafuna mwenyewe, nimesimama mahali alipokuwa anasimama, pembeni ya ghala. Kwa sauti.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye mtoto aliyeanguka aulize, nitajibu polepole kwa kidole changu kimoja. Na yule kijana wa uzi wa juzi karibu sana, njoo ubishane na mimi, meno ninayo na taya linafunguka.